Gari Hili Ndilo Lenyewe? Utambulisho na Uasilia wa Magari ya Kale ya Mashindano

Agosti 2018, huko Monterey, California, Ferrari 250 GTO yenye namba ya chesisi 3413GT iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 48 za Marekani. Magari ya aina hiyo yaliyoundwa kati ya 1962 na 1964 ni 36 tu. Mafundi hodari wa leo wanaweza kuunda la 37, likafanana na hayo hadi kwenye ribiti za bodi na likakimbia vilevile, lakini bei yake haitakaribia hiyo. Tofauti yote imo katika dai moja: kwamba gari hili ndilo lile lililoshindana wakati ule.

Dai hilo huthibitishwaje? Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Nyumba ya mnada hutoa maelezo yake, kiwanda hutoa cheti, shirikisho la michezo hutoa pasi, mahakama hutoa hukumu, na kila mmoja hupima kitu tofauti na mwenzake. Mnunuzi huona gari lina pasi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, akaamini historia yake imehakikiwa. Kumbe pasi hiyo inaeleza muundo wa kiufundi tu: kwamba gari lina vipimo na vifaa vinavyokubalika kwa kipindi fulani. Haisemi nani aliliendesha wala lilishinda wapi. Mwingine husikia injini si ile ya kwanza, akahitimisha kuwa gari ni feki. Wote wawili wamekosea, na chanzo cha kosa lao ni kimoja.

Maswali mawili yaliyofungwa pamoja

Anayeuliza kama gari ndilo lenyewe huwa anauliza maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni la utambulisho: kati ya magari yote yaliyopata kuundwa, hili ni lipi? La pili ni la uasilia: gari hilo limebaki na kiasi gani cha chuma, rangi, ngozi na umbo lililokuwa nalo siku zake za mashindano?

Swali la kwanza linatafuta jibu la ndiyo au hapana. La pili hujibiwa kwa kiasi, na kiasi hicho hutofautiana sehemu kwa sehemu: bodi huenda ni ya zamani, giaboksi ya mwaka uliofuata, na viti vya juzi. Gari linaweza kuwa na utambulisho usio na shaka huku likiwa na uasilia mdogo sana. Linaweza pia kujaa vyuma vya zamani vya kweli na lisiwe gari linalotajwa kwenye karatasi zake. Sehemu kubwa ya migogoro ya biashara hii hutokana na kulijibu swali moja kwa ushahidi wa jingine.

Usuli: chombo cha kazi

Ugumu wa jambo hili unatokana na asili ya magari yenyewe. Gari la mashindano lilikuwa chombo cha kazi. Injini ilifunguliwa baada ya mbio, na ikichelewa kurudi ilifungwa nyingine. Ekseli iliyopinda ilitupwa. Bodi iliyopasuka ilikatwa na kuungwa, au ikatengenezwa upya kwa umbo lililoonekana bora msimu ule. Hakuna aliyefikiri kwamba miaka hamsini baadaye mtu angetaka kujua bati lipi lilikuwapo siku ipi.

Namba nazo hazikuheshimiwa kama tunavyodhani. Maserati walitumia upya namba za chesisi za magari yao ya 250F katika miaka ya 1950, kiasi kwamba namba moja inaweza kuhusu magari mawili tofauti. Timu zilizovuka mipaka ya Ulaya zilibeba hati za forodha zilizotaja namba ya kila gari. Gari lenye hati likiharibika, bati lake la utambulisho lilihamishiwa kwenye gari lingine ili safari iendelee. Lengo lilikuwa kuwahi mbio, lakini matokeo yake ni vitabu vya kumbukumbu vinavyopingana.

Katika rally hali ilikuwa hiyohiyo. Timu za viwanda huko Uingereza zilihamisha namba ya usajili kutoka bodi iliyochoka kwenda bodi mpya, na gari likaendelea kuitwa kwa jina lile lile. Yeyote anayeijua Safari Rally, iliyoanza 1953, anaelewa sababu: kilomita elfu kadhaa za mawe, vumbi na tope humaliza gari lolote.

Msimu ukiisha, gari lilipitwa na wakati na kuuzwa kwa bei ya kutupwa, mara nyingi vipande vipande. Bei zilipokuja kupanda baadaye, vipande hivyo vilitafutwa kwenye mabanda na gereji. Aliyepata fremu alijenga gari juu yake, na aliyepata injini na bati la namba alijenga lake. Hivyo ndivyo gari moja lilivyoweza kuzaa mawili bila mtu yeyote kuiba.

Msimamo wa kwanza: utambulisho umo ndani ya chuma

Kundi la kwanza linashikilia kwamba gari ni chesisi yake. Mwenye fremu iliyogongwa namba na kiwanda ndiye mwenye gari, na mengine yote ni viambata vinavyobadilishika.

Nguvu ya msimamo huu ni uwazi. Unatoa kitu kimoja cha kushikwa na kukaguliwa, unaendana na desturi za usajili, na unazuia mtu kuokota bati la namba na kulijengea gari zima.

Udhaifu wake hujitokeza pale ambapo chesisi si kitu kimoja. Jaguar D-Type, iliyoshinda mbio za Le Mans mara tatu mfululizo kuanzia 1955 hadi 1957, ina sehemu ya kati iliyoundwa kama ganda la bati jepesi, na mbele yake fremu inayobeba injini. Kuanzia 1955 fremu hiyo ilifungwa kwa bolti, kwa hiyo hutoka. Je, gari ni ganda alimokaa dereva, au ni fremu yenye namba? Gari namba XKD 530 lilitenganishwa, na kwa miaka mingi yakawapo magari mawili yenye kudai namba hiyo, kila moja likiwa na sehemu za kweli. Ubishi ulikoma pale sehemu hizo zilipokutanishwa tena.

Udhaifu wa pili ni kwamba chuma kinaweza kuibwa. Ferrari 375 Plus ya 1954, namba 0384AM, iliibwa Ohio, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufika Ubelgiji, ambako ilijengwa upya, huku baadhi ya vipande vyake vikibaki Ohio. Madai ya pande mbili yalidumu miaka mingi. Ilipouzwa Goodwood, Uingereza, mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 10, kesi zilizuka upya. Chuma kilikuwa cha kweli tangu mwanzo, lakini ukweli huo haukutosha kuamua nani ana haki nacho.

Msimamo wa pili: utambulisho ni mnyororo usiokatika

Kundi la pili linaitazama historia. Gari ni lile lile mradi limeishi mfululizo kama kitu kimoja, hata kama sehemu zake zimebadilishwa kidogo kidogo. Mfano mkubwa ni Bentley Speed Six iitwayo Old Number One.

Gari hilo lilishinda Le Mans mwaka 1929 likiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, likashinda tena 1930 Barnato akiwa na Glen Kidston. Baadaye lilijengwa upya na kupewa injini kubwa ya lita 8. Mwaka 1932, kwenye uwanja wa Brooklands, lilipaa juu ya ukingo wa njia na kumuua dereva wake, Clive Dunfee. Lilifufuliwa tena likiwa na bodi nyingine. Mwaka 1990 mmiliki wake alikubaliana kuliuza kwa pauni milioni 10 kwa kampuni ya Middlebridge Scimitar. Mnunuzi alijitoa akidai kuwa gari si lenyewe, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Uingereza mbele ya Jaji Otton.

Ushahidi wa kiufundi ulikuwa mkali. Kutoka gari la 1929 hapakuwa na kitu kilichoweza kuthibitishwa kuwa kimebaki, zaidi ya vitu vidogo visivyojulikana umri. Kutoka 1930 palibaki shafti ya pedali, ganda la giaboksi na mhimili wa usukani. Kutoka gari la 1932 ndipo palipokuwa na fremu ya chesisi, springi, ekseli ya mbele na injini ya lita 8. Hata hivyo jaji aliamua kwamba gari hilo ndilo Old Number One. Alikataa kuliita asilia, na alikataa pia kuliita nakala. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu mpya ziliingia taratibu ndani ya gari lililokuwa likiendelea kuishi, kwa hiyo halikupoteza utambulisho wake wakati wowote. Tena hapakuwa na gari lingine duniani lenye kudai jina hilo kwa haki.

Nguvu ya hukumu hiyo ni kwamba inayaheshimu maisha halisi ya gari la mashindano. Matengenezo yaliyofanywa ili gari lirudi uwanjani ni sehemu ya historia yake, kama ushindi wenyewe ulivyo. Aliyekufa Brooklands alikufa akiliendesha gari hilo, na kulifuta jina lake kwa sababu ekseli ilibadilishwa ni kuifuta habari yake.

Udhaifu wake uko kwenye kingo. Taratibu ni kasi gani? Gari likijengwa upya kwa wiki tatu, mnyororo umekatika? Na zile sehemu zilizotolewa zikiokotwa na kuunganishwa kando, gari hilo la pili litaitwaje? Hoja ya kukosekana kwa mdai mwingine ilimsaidia muuzaji wa Bentley, lakini haimsaidii mwenye gari ambalo mapande yake yamesambaa mikononi mwa watu. Tena mnyororo hutegemea karatasi, na karatasi hupotea au hughushiwa.

Msimamo wa tatu: kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani

Msimamo huu unatawala biashara. Ferrari, kwa mfano, wana idara ya magari ya kale inayokagua gari kwa kulinganisha na kumbukumbu za kiwanda, na kutoa cheti kama chesisi, injini, giaboksi na vinginevyo vinalingana na vilivyoandikwa au na vipimo vya aina hiyo.

Faida yake ni kubwa. Kiwanda kina daftari la uzalishaji na michoro ambayo wengine hawana. Cheti humpa mnunuzi wa kawaida mahali pa kuanzia, na huzuia magari ya kubuni yasipenye kirahisi.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, kulingana na vipimo si sawa na kuwa na umri. Bloku ya injini iliyotengenezwa upya na kiwanda inaweza kuwa sahihi kwa kila kipimo na bado haijawahi kufika Le Mans. Tena mtoa cheti ndiye huyohuyo anayeuza spea na huduma ya matengenezo. Pili, kurudisha hali ya mwanzo kunahitaji kuchagua mwanzo upi. Ile 3413GT iliundwa 1962, na mwaka 1964 ikapewa bodi mpya ya toleo la pili. Kuirudisha kwenye umbo la 1962 kungekuwa kuivua bodi ya kweli ya mashindano ili kuivika ya kuiga. Mara nyingi marejesho ya namna hiyo yamefuta ushahidi ambao mtafiti angeuhitaji: tabaka za rangi, matundu ya vifaa vya zamani, alama za nyundo.

Viwanda vyenyewe vimeongeza utata kwa kuunda magari mapya ya kale. Jaguar walipanga kuunda E-Type nyepesi 18 katika miaka ya 1960 wakaishia 12. Mwaka 2014 walianza kuzikamilisha 6 zilizobaki, kwa namba zilizokuwa hazijatumika. Baadaye walitengeneza magari 9 ya aina ya XKSS kufidia yale yaliyopotea katika moto wa kiwanda chao mwaka 1957. Haya ni magari halali na yanauzwa kwa uwazi, lakini historia ya mashindano ya miaka ile hayana. Vivyo hivyo, magari mengi yanayokimbia East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003, yamejengwa kutokana na magari ya kawaida kwa ajili ya kazi hiyo. Hakuna ubaya ndani yake mradi mwenye gari anasema hivyo.

Msimamo wa nne: kuhifadhi kilichopo

Kundi la nne limetoka katika makumbusho. Linasema gari la kale ni hati ya kihistoria, na kazi ya mmiliki ni kulitunza lilivyofika mikononi mwake. Mwaka 2012 FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha Mkataba wa Turin kwa kufuata mfano wa Mkataba wa Venice wa 1964 unaohusu majengo ya kale. Mkataba huo unatanguliza uhifadhi kuliko ukarabati, unakubali mabadiliko ya wakati gari likifanya kazi kuwa sehemu ya historia yake, na unataka kila jambo linalofanywa liandikwe na sehemu mpya ziwekewe alama.

Mfano unaotajwa sana ni Cobra Daytona Coupe CSX2287, iliyomo katika Makumbusho ya Simeone, Philadelphia. Haijafanyiwa ukarabati wa kuirudisha upya, na mwaka 2014 ilikuwa gari la kwanza kuingizwa katika kumbukumbu za kitaifa za magari ya kihistoria nchini Marekani. Mtafiti anayetaka kujua mafundi wa Shelby, walioliunda gari hilo, walifanyaje kazi anaweza kuisoma kama kitabu.

Udhaifu wa msimamo huu ni wa kiutendaji. Gari la mashindano lisilokimbia hupoteza sehemu ya maana yake, na linalokimbia kwa matairi, breki na bati za 1930 linahatarisha maisha ya dereva. Usalama hudai bolti mpya, tangi jipya la mafuta na mikanda. Na kwa magari mengi nafasi ya kuhifadhi ilishapita, kwa kuwa yalikarabatiwa miongo mingi iliyopita.

Ushahidi na mipaka yake

Kila msimamo hutegemea ushahidi, na ushahidi uko wa namna tatu.

Karatasi huja kwanza: daftari la kiwanda, hati za mauzo, forodha, usajili, orodha za washiriki na matokeo ya mbio. Nguvu yake ni tarehe. Udhaifu wake ni kwamba karatasi hufuata namba, na namba, kama tulivyoona, ilikuwa ikihama.

Picha mara nyingi hushinda karatasi. Ribiti zilipangwa kwa mkono, kwa hiyo mpangilio wake haufanani kati ya magari mawili. Tundu la kioo cha pembeni, kiraka kwenye mlango au mshono wa tangi vinaweza kulinganishwa na picha ya siku ya mbio. Picha yenye tarehe inayojulikana ni shahidi asiyekuwa na hisa katika biashara.

Chuma chenyewe ni shahidi wa tatu. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake hubanwa. Hata ikisuguliwa, asidi au kipimo cha sumaku kinaweza kuionyesha tena. Mashine za eksirei husoma mchanganyiko wa madini bila kukwaruza kitu. Skrubu za nyota zilianza kutumika viwandani katikati ya miaka ya 1930, na uchomeleaji wa argoni ulienea kuanzia miaka ya 1940. Vikionekana kwenye gari la 1924, sehemu hiyo iliguswa baadaye.

Hapa tahadhari inahitajika. Sehemu mpya inathibitisha tu kwamba sehemu hiyo ni mpya. Haithibitishi kuwa gari ni feki. Kadhalika chuma cha zamani kinathibitisha umri wa chuma, na chuma cha zamani kinanunulika. Aina moja ya ushahidi ikisimama peke yake haifai kuamua. Hukumu hupata uzito pale karatasi, picha na chuma vinaposema jambo moja bila kuwa na chanzo kimoja.

Kupima misimamo

Tukiiweka misimamo yote kwenye mizani, tunaona kwamba kila mmoja unatumikia mtu tofauti. Msimamizi wa mbio anataka kujua kama gari lina vipimo vya kipindi chake. Pasi ya kiufundi inamtosha. Hakimu anataka kujua kama kilichouzwa ndicho kilichoahidiwa. Hoja ya mnyororo inamfaa. Mwanahistoria anataka kilichobaki kisiguswe. Muuzaji anataka sentensi moja fupi ya kuweka kwenye katalogi, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Gari likiitwa asilia, bei hupanda. Likielezwa sehemu kwa sehemu, mnunuzi husita. Ongeza kwamba wanaoijua vizuri aina fulani ya gari mara nyingi ndio hao hao wanaoiuza, wanaoikarabati au wanaoimiliki.

Kwa utambulisho, mnyororo ndio kipimo bora, kwa kuwa ndio pekee unaolichukulia gari la mashindano lilivyoishi kweli. Lakini mnyororo lazima upimwe kwa chuma: pawepo sehemu kuu inayounganisha kipindi kimoja na kinachofuata, na mdai mwingine atafutwe kwa bidii kabla ya kusemwa kwamba hayupo. Panapokuwa na wadai wawili wenye sehemu za kweli, ukweli ni kueleza nani ana nini, na soko lipange bei kwa maelezo hayo.

Kwa uasilia, cheti cha ndiyo au hapana hakifai kabisa. Kinachohitajika ni taarifa inayotaja kila sehemu kuu, umri wake, ilikotoka na kiwango cha uhakika. Taarifa hiyo ni ndefu na ina gharama, na itashusha bei ya baadhi ya magari. Hiyo ni gharama inayostahili kulipwa, kwani bila hiyo wanunuzi waaminifu ndio wanaobeba hasara ya maneno ya wauzaji, na vizazi vijavyo vinarithi historia iliyopakwa rangi mpya.

Kwa matengenezo, Mkataba wa Turin unatoa mwongozo mzuri hata kwa anayetaka kushindana. Kinachotolewa kwa sababu ya usalama kihifadhiwe pamoja na gari, kiandikwe, na mbadala wake uwekewe alama.

Muhtasari

Magari ya kale ya mashindano huzua ubishi kwa sababu yaliundwa yatumike mpaka yachakae, namba zake zilihamishwa kwa sababu za kazi, na thamani yake ilipanda baada ya ushahidi mwingi kutawanyika. Msimamo wa chesisi una uwazi, lakini hushindwa pale gari lilipogawanyika. Msimamo wa mnyororo unaheshimu historia, lakini hudai kumbukumbu nzuri. Msimamo wa kurudisha hali ya kiwandani una daftari na utaalamu, lakini unaweza kufuta kile unachodai kukirejesha. Msimamo wa uhifadhi ndio unaolinda ushahidi, ingawa haupatani kirahisi na mbio.

Anayenunua, anayeamua au anayeandika kuhusu gari la namna hii aanze kwa kutenganisha maswali mawili: ni gari lipi, na kimebaki nini. La kwanza alijibu kwa mnyororo uliothibitishwa na chuma na picha. La pili alijibu kwa orodha ya sehemu, bila kuficha iliyo mpya. Old Number One haikupoteza heshima yake mahakamani kwa kutajwa wazi vipande vilivyobaki. Maelezo hayo ndiyo yaliyoliwezesha jina lake kusimama.